Sahihi ya Mstari wa Kumi na Nne

17 Machi, Jumatatu

Mvua bado. Mawingu yanakusanyika juu ya Mlima tangu juzi, yanatutazama, yanaondoka. Nimekaa stoo ya duka la shangazi hapa Gatitu, kati ya magunia ya chumvi ya ng'ombe na madumu ya dawa ya kupe, kompyuta juu ya katoni. Wateja wakipungua naandika programu. Ni mwaka wa sita sasa.

Leo Gikonyo ametuandikia barua sote tunaoandika Ndama. Mimi naye ndio tulioianzisha, tumetoka chuoni tu. Ndama hukaa kwenye simu. Mfugaji anaandika ng'ombe wake alizaliwa na mama yupi na dume gani, na siku ya kupandisha inamwambia mbegu ipi isitumiwe, asije mtamba akapandishwa kwa mbegu ya baba yake mwenyewe. Ni programu huria: yeyote huichukua, huusoma msimbo wake, huubadilisha apendavyo, kwa sharti kwamba naye akiitoa aitoe wazi vilevile. Nyumba mia nane hivi zinaitumia, kutoka Ruring'u mpaka Kangema.

Barua inasema toleo la tano litatoka na leseni mpya ya Zizi Bora, kampuni inayomwajiri Gikonyo tangu mwaka juzi. "Ni mabadiliko madogo," ameandika. Mtu akikuambia ni madogo kabla hujamuuliza, kapime mwenyewe.

19 Machi, Jumatano

Nimepima. Msimbo unafungwa. Seva ya zamani inazimwa tarehe 31 Mei. Na orodha ya madume itaonyesha mbegu zinazouzwa na Zizi Bora peke yake; nyingine zote zitaandikwa "haijulikani". Nikampigia simu.

"Gikonyo, hii ni nini?"

"Wachuka, usipanic. Server inataka mtu wa kuilea. Ni business tu."

"Kampuni iko na madume ngapi?"

"Saba. Lakini ni quality."

Madume saba kwa nyumba mia nane. Baada ya vizazi vitatu kila ng'ombe atakuwa binamu wa mwenzake, na programu tuliyoiandika kuzuia jambo hilo ndiyo itakayolileta. Nilimwambia hivyo. Akasema yuko kwa mkutano.

20 Machi

Upepo na vumbi. Nimeamua tujitenge.

21 Machi, Ijumaa

Kujitenga si wizi, nimemweleza shangazi aliyeshtuka. Unachukua toleo la mwisho lililotolewa wazi, letu ni la nne, unaondoka nalo, unalibatiza jina jingine, unaendelea. Leseni ya zamani inaruhusu. Kilichotolewa wazi hakirudishwi.

Tatizo ni kazi ya mwaka jana. Gikonyo alituhamisha tukaandikie ndani ya ghala la msimbo la kampuni, ati kwa unadhifu, na kutoka humo hakuna kilichotolewa. Humo mna vitu viwili ambavyo bila hivyo programu ni kiwete. Cha kwanza ni cha Saumu, mwenzetu wa kuandika Ndama, kinachokagua undugu wa ng'ombe mpaka vizazi vinne. Toleo la nne linakagua baba tu. Cha pili ni changu, kinachounganisha rekodi za simu mbili zilizoandika ng'ombe mmoja mahali pasipo na mtandao. Nimewaandikia Zizi Bora kwamba kazi hiyo ni yetu na tutaondoka nayo.

22 Machi, Jumamosi

Mvua imeanza alasiri, na pamoja nayo limekuja jibu katika bahasha ya kahawia. Kampuni inasema kazi si yetu. Wameambatisha nakala ya karatasi.

Niliitambua mara moja. Ni ya warsha ya Machi mwaka jana, hotelini pale mjini. Foleni ya chakula cha mchana, na kabla ya kufikia sufuria, meza yenye karatasi ya mahudhurio: jina, kitambulisho, simu, sahihi. Nani husoma karatasi ya mahudhurio? Tumezisaini tangu chuoni, usiposaini huli. Juu ya safu, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, imeandikwa kwamba aliyetia sahihi anaikabidhi kampuni haki zote za kazi atakayoandika ndani ya ghala lake. Tulisaini sote ishirini na mmoja, macho yetu yakichungulia kama kuku amebaki.

Kisha nikaona mstari wa kumi na nne. Jina ni la Saumu. Mwandiko ni wangu.

Ilikuwa Ramadhani. Saumu alifunga, hakuja kwenye foleni, alibaki ukumbini na kompyuta yake. Nikaona ni dhambi chakula chake kirudi jikoni. Nikamsainia, nikafungiwa wali na kuku, nikampelekea afuturu navyo. Gikonyo alikuwa nyuma yangu. Alicheka akasema, "Nisainie na mimi basi."

Sijamwambia mtu.

23 Machi

Kanisani. Ukiniuliza mahubiri yalihusu nini, sijui.

24 Machi

Mvua. Bado sijamwambia Saumu.

25 Machi, Jumanne

Nimekwenda Majengo, kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu. Niseme ukweli, sijawahi kumpenda sana Saumu. Aliwahi kunirudishia kazi mara nne kwa sababu ya kosa moja. Juu ya kila faili lake huweka mistari ya leseni, hata faili lenyewe likiwa fupi kuliko leseni, na mimi na Gikonyo tulikuwa tukimcheka kwa hilo.

Nilimpa nakala, nikamwambia yote bila kupamba. Akaweka bisibisi chini.

"Ulinisainia."

"Nilitaka usikose chakula."

"Nilikila. Nikakushukuru." Aliweka kidole juu ya mstari ule. "Miezi minane nimeandika kitu kile, Wachuka. Wewe ukakiuza kwa sahani ya wali."

Nilikuwa nimejitayarisha kueleza kwamba sikujua, lakini naye hakuwa ameniuliza kama nilijua. Akasema nirudi nyumbani, ataniita. Nimetembea mpaka Gatitu nikilowa, na sikufungua mwavuli.

28 Machi

Umeme umepotea tangu asubuhi. Nimepima chumvi siku nzima.

31 Machi, Jumatatu

Idi. Nimemtumia Saumu salamu. Jibu lake: "Ahsante. Alhamisi Theuri ametuita ofisini kwake. Uje. Usiseme neno mpaka nikuulize."

Theuri ndiye meneja wa Zizi Bora.

3 Aprili, Alhamisi

Niandike kila kitu kabla hasira haijanibadilishia maneno.

Theuri ni mtu mpole, mwenye sauti ya kuombea chakula. Alituagizia chai. Gikonyo alikaa pembeni na hakunitazama. Mbele ya Saumu kulikuwa na mkataba wa kazi: awe mkuu wa programu, na ofisi hapa hapa mjini.

"Hii sahihi ingine ni ya kuconfirm tu," Theuri akasema. "Ya kwanza tuko nayo."

Saumu alisoma kurasa zote, moja baada ya nyingine, chai ikapoa. Kisha akatoa ile nakala ya mahudhurio.

"Sahihi hii ni ya nani?"

"Si ni yako, madam."

Akanigeukia. "Wachuka, ni ya nani?"

"Ni yangu," nikasema. "Niliandika mimi. Yeye hakuwa kwenye foleni, hakuiona hii karatasi mpaka juzi."

Theuri aliweka kikombe chini polepole. "Unajua umesema nini? Kughushi sahihi ni jinai. Naweza kupiga simu polisi saa hii."

Nilikuwa nimekwisha kusema na sikutaka kurudi nyuma. Saumu akamgeukia Gikonyo.

"Wewe ulikuwepo. Ulimwona akiandika?"

Gikonyo alitazama meza. "Siwezi kukumbuka. Watu walikuwa wengi."

Miaka kumi na tano namjua. Alinifundisha kuandika programu kwenye kompyuta moja tuliyoshiriki wanne. Alibeba jeneza la baba yangu. Na amekaa pale akisema watu walikuwa wengi.

"Bwana Theuri," Saumu akasema, "mpeleke polisi. Mimi sitamtetea, alinikosea. Lakini ukifika pale utaandikisha nini? Utaandikisha kwamba mimi sikusaini. Na kama sikusaini, kazi yangu ni yangu, na leseni iko juu ya kila faili. Inasema anayeiweka ndani ya programu yake aitoe programu nzima wazi. Toleo lenu la tano limeibeba."

Mvua ilikuwa ikipiga mabati ya jirani. Theuri akatabasamu kidogo, akausogeza ule mkataba.

"Basi tuache ya zamani. Saini hii mpya. Ifikirie, hakuna haraka."

Nilingoja Saumu ausukume urudi kwake. Badala yake aliukunja, akautia mkobani.

4 Aprili

Saumu hajapiga simu.

5 Aprili

Bado. Mvua ya mawe imepiga majani chai upande wa juu, wanasema.

6 Aprili, Jumapili

Kila mtu ana shida zake na Saumu anazo za kutosha. Kibanda kinavuja. Mama yake anaugua. Najiuliza kama mimi ningesaini, na sipati jibu ninalolipenda. Halafu namkasirikia, kana kwamba amekwisha kusaini, na baadaye naona aibu kwa sababu mimi ndiye niliyemfikisha hapo.

9 Aprili, Jumatano

Saumu amekuja Gatitu, mara yake ya kwanza. Alisimama mlangoni akikung'uta buibui lake maji, akatazama magunia.

"Hapa ndipo unapoandikia?"

"Hapa."

"Ndiyo maana ya yale makosa." Akaweka flashi juu ya katoni. "Undugu, vizazi vinne. Chukua. Nimekataa kazi."

Nilimuuliza kwa nini, na nilimwomba asinijibu kwa adabu.

"Nilijaribu madume yao saba kwenye programu yangu," akasema. "Kizazi cha tatu inakataa kila ng'ombe. Kila mmoja. Unafikiri wangeiacha iseme hivyo kwa wateja? Wangeizima, na mimi ndiye ningeambiwa niizime." Akakaa juu ya gunia. "Na bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Vizuri. Sasa yako iko wapi?"

Hapo ndipo penye uchungu. Ya kwangu sina. Mimi nilijisainia kwa mkono wangu na kwa njaa yangu, hakuna wa kumsingizia. Nikamwambia nakala ninayo kwenye kompyuta na naweza kubadilisha mistari kadhaa ifanane na mpya.

"Hapana," akasema. "Wakiona mstari mmoja wao ndani yetu, wanatufunga. Ifute mbele yangu. Uandike upya, kwa njia nyingine."

Nimeifuta. Miezi minane ya kazi ilipotea kabla shangazi hajamaliza kumhesabia mteja dawa za minyoo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nimejiambia, na nimefungua ukurasa mtupu.

14 Aprili

Jina: Mtamba. Ndama limebaki kuwa jina lao; huyu wetu amekua kidogo.

16 Aprili

Mvua. Mistari mia mbili.

17 Aprili

Mvua. Nimefuta mia mbili za jana. Nilizijua mno, mkono ulikuwa unakumbuka njia ya zamani.

22 Aprili

Zizi Bora wametoa toleo la tano. Ukaguzi wa undugu wameuondoa. Kilichobaki ni orodha ya madume saba, na picha nzuri za madume.

23 Aprili

Ukungu mpaka saa sita. Mistari tisini. Hii ya sasa si ya mkono wa zamani.

30 Aprili

Saumu amenirudishia kazi mara ya tatu. Nilikuwa nikidhani anatafuta makosa ili anione mdogo. Kumbe hatafuti kitu, anasoma. Ni mtu wa kwanza kusoma kazi yangu mpaka mwisho. Gikonyo alikuwa akisema "iko poa" na kufunga.

6 Mei

Mtamba imeunganisha rekodi za simu mbili bila kosa. Ngatia, daktari wa kupandisha anayezunguka Ruring'u na pikipiki, amekubali kuijaribu kwenye nyumba ishirini. Nimelala kama gogo.

14 Mei, Jumatano

Ngatia ameingia dukani na matope mpaka magotini, hajanisalimu.

"Wachuka, hiyo kitu yako ingeniharibia jina leo."

Alikuwa kwa Mama Gatimu, Magdaline, mjane mwenye ng'ombe watano. Sabina wake alikuwa kwa joto, tayari kupandishwa. Mtamba ikasema mbegu aliyobeba Ngatia ni sawa. Alikuwa amekwisha kuvaa glavu. Mama Gatimu akauliza dume ni lipi, akatajiwa, akamshika mkono.

"Akaniambia, 'Daktari, huyo si ni babake?'" Ngatia akasema. "Na ni ukweli. Mimi mwenyewe ndio nilimpandisha mamake."

Nilifungua rekodi. Mama Gatimu ana Sabina wawili. Anawapa ng'ombe majina kama sisi tunavyowapa watoto: Sabina alizaa Mercy, na Mercy alipozaa jike, jike akachukua jina la nyanya yake. Nyumba moja, jina moja. Kazi yangu ikawaunganisha wakawa ng'ombe mmoja, na baba wa mdogo akafichwa nyuma ya baba wa mkubwa. Nikatafuta nyumba nyingine. Katika ishirini, kumi na moja zina majina ya kurithi namna hiyo.

Mwaka jana jambo hili lilitatuliwa ndani ya ghala la kampuni, na aliyelitatua ni Gikonyo. Sikuwahi kuangalia alifanyaje. Zimebaki siku kumi na saba kabla ya seva kuzimwa.

15 Mei

Nimejaribu tarehe za kuzaliwa. Nusu ya watu hawazikumbuki.

16 Mei

Nimejaribu nambari za sikio. Watatu tu wanazo.

17 Mei

Mvua. Nimemgombeza mteja bila sababu, nikamwomba radhi.

19 Mei, Jumatatu

Gikonyo amekuja dukani. Amekonda. Shangazi alimkaribisha kama zamani, akampa kiti, akatuacha.

"Nimesikia kwa Ngatia," akasema. Akaweka flashi kwenye kaunta. "Ni mistari arobaini. Itafanya kazi leo leo. Chukua."

"Imetoka wapi?"

"Si niliandika mwenyewe. Ni yangu."

"Ulisaini, Gikonyo."

"Hata wewe ulisaini."

"Ndio. Na yangu nikaifuta."

Nje kuna mtu alikuwa anapakia lishe kwenye mkokoteni, tukamsikiliza mpaka akamaliza.

"Ile siku kwa Theuri," akasema. "Nilikumbuka."

"Najua ulikumbuka."

"Niko na watoto wawili shule, Wachuka. Sasa nimekuja. Nani atajua hii imetoka wapi?"

Nilitaka kuichukua. Niandike hivyo wazi, kwa sababu nikisoma shajara hii mwakani nisijifanye shujaa. Siku kumi na mbili, nyumba mia nane, na jibu liko pale kwenye kaunta kando ya mizani. Na yeye alikuwa anataka nimsamehe, na njia rahisi ya kumsamehe ilikuwa kuipokea.

"Kama ungekuja na mikono mitupu ukae unywe chai, ningekukaribisha," nikamwambia. "Lakini hii si yako kuitoa. Tukiiweka ndani, Theuri anatufunga, na wewe anakufuta kazi. Irudishe."

Niliisukuma ikarudi kwake bila kuichomeka. Aliitia mfukoni, akaagana na shangazi, akaondoka kwenye mvua. Nimelia. Kisha akaja mtu wa kupimiwa chumvi.

21 Mei, Jumatano

Nimekwenda kwa Mama Gatimu mwenyewe. Alikuwa anakata majani ya nepia, akanipa kigoda kando ya zizi. Sabina wote wawili walikuwa wakicheua.

"Mama Gatimu, ukiita Sabina, ni gani inageuka?"

"Zote mbili." Akacheka. "Kwani wewe uliitwa nani?"

"Nyanya yangu, mama ya mama. Wachuka."

"Na mkiwa wote kwa boma, watu walikuwa wanawajua aje?"

"Walikuwa wanasema Wachuka wa Nyambura. Nyambura ni mamangu."

"Haya. Hii ni Sabina wa Mercy, na ile kubwa ni Sabina wa Koki. Kuna mtu hapa hajui hiyo?"

Mimi sikujua, nilikuwa nikitafuta tarehe na nambari. Kila nyumba inamjua ng'ombe kwa mama yake, na mama ya kila ng'ombe tumekwisha kumwandika kwenye rekodi tangu siku ya kwanza. Jina halisimami peke yake, linasimama na mama. Nilikunywa uji wake haraka nikaunguza ulimi.

22 Mei

Mistari hamsini na mitatu. Ni mirefu kuliko ya Gikonyo.

24 Mei

Saumu ameirudisha. Ameuliza: na ng'ombe aliyenunuliwa, ambaye mama yake hajulikani? Yuko sahihi. Wa kununuliwa tutamwandika kwa boma alikotoka.

26 Mei, Jumatatu

Nyumba zote ishirini, hakuna waliochanganywa. Ngatia amempandisha Sabina wa Mercy kwa dume jingine, na Mama Gatimu ameikubali mbegu kabla ya simu kuikubali.

28 Mei

Mvua imepungua, baridi inaingia. Nimevaa sweta mbili.

31 Mei, Jumamosi

Saumu amekuja asubuhi na mandazi. Nyumba mia sita na arobaini zimekwisha kuhamisha rekodi zao. Ngatia na wenzake wanazunguka kwa waliobaki. Seva ya Ndama imezimwa saa sita kamili, kama walivyoahidi. Simu ya dukani ikaonyesha ukurasa mweupe.

Kilichobaki kilikuwa faili moja kabla ya kuitoa Mtamba hadharani, lile la majina ya waandishi. Tumetoka kwenye toleo la nne, na leseni inataka walioliandika wabaki. Jina la kwanza, juu kabisa, ni Gikonyo.

"Utaliacha hapo?" Saumu akauliza.

"Leseni inataka libaki."

"Leseni haisemi libaki juu. Naweza kulipeleka chini ya mengine."

Nikamwambia hapana. Mstari wa kwanza wa programu hii aliuandika Gikonyo, nikiwa nimekaa kando yake, kwenye kompyuta ya kushiriki, na alipoumaliza alinisogezea kibodi akasema niandike wa pili. Mengine aliyoyafanya ameyafanya, na flashi yake nimeikataa na ningeikataa tena kesho. Lakini huo wa kwanza aliutoa wakati ulikuwa wake kuutoa.

Saumu akasogeza mkono wake kutoka kwenye kibodi. Nikaitoa Mtamba, jina la Gikonyo likiwa juu.